Programu ya Wakfu, na Fomu Niliyoijaza Bila Kuombwa

Alhamisi, Mfunguo Pili. Baada ya Alasiri. Joto, upepo umelala, na mimi sijalala sawasawa siku tatu.

Wewe fundi wa simu wa uchochoro wa nyuma ya soko, huna haya! Nakwambia hapa mbele ya watu wote wanaonisoma, kwa sababu nilipokwambia uso kwa uso ulicheka. Umemtilia mtoto wa watu programu ya wizi kwenye kompyuta yake, ukamwambia "hii ni kamili, haina shida", na sasa kazi yake yote imefungiwa mle ndani kama kuku tengani. Na nyinyi wanafunzi mnaomwendea, msijifiche nyuma yake. Aliyepanda mnazi usio wake na aliyemshikia kamba ni wezi wote wawili.

Haya. Nimeshakemea, sasa naweza kuandika.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni kizee wa Amu. Shule nilikwenda miaka miwili, nikatolewa nilee wadogo zangu. Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu Mwanahawa, akidhani nitaandika mapishi. Mapishi niandikie nani, na anayekula ni yeye? Naandika yanayonikera. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na nikikosea sifuti.

Mwanahawa anasoma chuo cha ufundi Mombasa, kazi ya kuchora majengo. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Wamepewa kazi moja kubwa: kila mmoja achague nyumba ya kale, aipime yote kwa futi, aichore kwenye kompyuta, chumba kwa chumba, mpaka zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Yeye amechagua nyumba yetu. Mwezi mzima nimemwona akitambaa humu kama mjusi, futi mkononi, daftari kwapani. Kazi inatakiwa chuoni Jumatatu. Isipofika, anarudia mwaka. Na babake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa na nina haki ya kumsema, ameshatangaza kwamba mwaka ukirudiwa, basi, binti aje akae nyumbani.

Jumapili asubuhi programu ikagoma. Ikaandika maneno mekundu, ikajifunga. Mwanahawa akaifungua, ikajifunga. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akasoma Bismillahi. Ikajifunga.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza zamani. Programu hii uliipata wapi?

Akaangalia mkeka.

Mimi kusema kweli nilidhani programu ni kitu kinachokuja na kompyuta, kama kiini ndani ya yai. Unanunua yai, umenunua na kiini. Kumbe sivyo. Kumbe kompyuta ni ganda tu. Programu zina wenyewe, na wenyewe wanataka kulipwa kila mwaka, na ukiacha kulipa wanakufungia. Sasa kuna watu kama yule fundi, huchonga ufunguo wa bandia, wanakufungulia mlango wa mtu. Unaingia, unakaa, unapika, unatandika. Mpaka siku mwenyewe anabadilisha kitasa.

Nilivaa buibui langu nikamwendea. Alikuwa anafuta kioo cha simu ya mtu.

"Ulimtilia nini mjukuu wangu?"

"Aa, Bi Maimuna! Shikamoo. Ile? Ile kila mtu anatumia, Bi."

"Kila mtu atakufa pia. Mbona wewe hujatangulia?"

Akacheka, na wateja wakacheka. Akasema nilete laptopu aifute yote aanze upya. Yote! Pamoja na nyumba yangu iliyochorwa mle ndani! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika maana Mwanahawa ananisoma.

Jumatatu yake Mwanahawa akagundua jambo ambalo angeligundua tangu mwaka wa kwanza lau angetumia macho aliyopewa na Mungu. Wale wale wenye programu, wanaodai kulipwa na kila mtu, wanafunzi hawawadai kitu. Mwanafunzi anapewa bure mwaka mzima. Anachotakiwa ni kuthibitisha tu kwamba ni mwanafunzi kweli. Niliposikia hivyo nilikaa kitako. Miaka mitatu mtu anaiba kitu ambacho angebisha hodi angepewa! Nikamuuliza kwa nini hakuuliza. Akasema hakuna aliyemwambia. Nikamwambia mdomo ulio usoni mwake si wa kulia wali tu.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu mwenyewe. Nimeandika nikifuta tangu nianze aya hii, na nilisema sifuti.

Jumanne asubuhi Mwanahawa alifungua ile fomu ya kuthibitisha. Akaigeuza lugha ikawa Kiswahili ili anionyeshe, maana nilikuwa nimemsimamia begani nikiuliza hiki nini na hiki nini. Kisha akaitwa na jirani akashike mtoto. Akaniambia, "Usiguse. Narudi sasa hivi."

Nikagusa.

Sikugusa kwa ubaya. Nilikaa mbele ya kile kioo nikaisoma fomu, na nikaona maswali yenyewe ni mepesi, najua majibu yote. Nani anamjua Mwanahawa kuliko mimi? Mimi ndiye niliyemwogesha siku ya saba. Nikaona nimsaidie, akirudi akute kazi imekwisha.

Fomu iliuliza: *Jina la chuo.*

Nyinyi mnaosoma mkiwa Nairobi na Dodoma mtacheka, chekeni. Kwetu Amu, chuo ni pale mtoto anapopelekwa na juzuu yake kujifunza alif na be. Wa rika langu hatusemi "madrasa", twasema "yuko chuoni". Hicho cha Mombasa mimi nakiita koleji, kama watu walivyokiita tangu zamani. Basi nikaandika: *Chuo cha marehemu Mwalimu Omari, nyuma ya birika la msikiti.*

*Mwaka wa kuanza.* Nikaandika mwaka aliokuwa na miaka sita.

*Mwaka wa kuhitimu.* Kuhitimu najua vizuri, tulimpikia pilau siku aliyoimaliza Kurani. Nikaandika mwaka huo.

*Barua pepe ya chuo.* Nikaandika: *Hana. Alikufa.*

Ikakataa. Ikasema taarifa haziwezi kuthibitishwa, zimebaki nafasi mbili. Nikasema looo, hawa watu hawaamini neno la mtu mzima. Nikajaza tena, safari hii nikaongeza chini kabisa: *Mimi ni bibiye, nathibitisha.* Ikakataa. Imebaki moja. Ikasema sasa nipakie picha ya *kitambulisho cha chuo*.

Na hapa ndipo nilipojimaliza. Chuo kwetu pia ni kitabu. Kitabu cha dini ni chuo, vitabu ni vyuo. Nikafikiri, aa, sasa wanasema maneno ya maana: wanataka alama ya kitabu chake. Nikaenda kabatini nikaitoa ile juzuu yake ya utotoni, ambayo marehemu Mwalimu Omari aliiandika jina lake kwa wino kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri kama imechapwa. Nikaiweka mbele ya kile kijicho cha juu ya kioo, nikabonyeza pale palipowaka. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilijiona hata fundi hanifikii.

Skrini ikaandika: *Umefikisha idadi ya majaribio. Tafadhali jaribu tena baada ya siku saba.*

Siku saba. Na kazi yatakiwa Jumatatu.

Mwanahawa aliporudi aliisoma mara mbili. Hakuhitaji kuambiwa aliyegusa, maana juzuu ilikuwa bado mapajani mwangu. Lau angepiga kelele ningepiga kelele zaidi, na tungemaliza. Hakupiga. Aliifunga laptopu polepole kama mtu anayefunika sahani, akapanda darini, orofa ya juu, akakaa huko.

Jioni nilimtania kupitia mlangoni. Huyu tangu mdogo ni mke mwenzangu, marehemu mume wangu alikuwa akimwita bibi harusi wake, na mimi na yeye hugombana kama wake wenza kwa mchezo. Nikamwambia, "Mke mwenza, ukininunia leo nani atakupa zamu ya chakula?"

Akajibu, "Sina njaa, Bibi."

Hakusema "mke mwenza". Alisema "Bibi", kama anavyowaita vikongwe wa watu.

Nimezaa watoto watano na nimezika mume, lakini usiku huo mkeka ulikuwa na miba.

Jumatano nikaamka na uamuzi. Kuna mwalimu wa kompyuta kwenye shule ya wasichana, anaitwa Bi Rukia. Ni mtu wa Chundwa, kule Pate. Nami niseme ukweli wangu kwa kuwa hii ni shajara na Mungu anaona: sisi watu wa Amu tuna kiburi kwa watu wa visiwa vya juu. Mamake Bi Rukia alikuwa akituletea madafu na samaki wa kukausha, nasi tulikuwa tukimkalisha barazani, si ndani. Sasa mimi, Maimuna, nikamwombe bintiye?

Nilikwenda. Nilizunguka uchochoro mara mbili kwanza, lakini nilikwenda.

Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasimama yeye. Hilo lilinichoma kuliko angenikalisha nje. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye "Hana, alikufa" akageukia ukuta. Mabega yakawa yanatikisika.

"Cheka, cheka," nikamwambia. "Ukimaliza unijibu."

"Nisamehe, Bi Maimuna. Sikucheki wewe. Naicheka ile kompyuta, masikini, ilivyopata taabu."

Basi akaanza kunifundisha, nami nikauliza, na kila nilichouliza kikazaa kingine. Sijapata kukaa na mtu asubuhi nzima nikiuliza tu bila kusema langu. Nilijisikia kama nina miaka tisa, kabla sijatolewa shule.

Kwanza aliniambia jambo la kuwachapa viboko wanafunzi wote: vyuo vingi huwa vimeshalipia programu kwa ajili ya wanafunzi wao. Imeshalipiwa! Iko pale! Mwanafunzi akiingia kwa barua pepe aliyopewa na chuo chake, mlango unafunguka, hakuna fomu, hakuna bibi. Nikamuuliza Mwanahawa baadaye kama anayo hiyo barua pepe ya chuo. Akasema walipewa siku ya kwanza, akasahau neno la siri, hakuirudia tena. Ameandika barua kuomba afunguliwe upya, na huko ofisini kwao hawajamjibu mpaka sasa. Miaka mitatu ana ufunguo mfukoni na anapita dirishani.

Pili akaniambia si kila linaloitwa bure ni bure. Hili nalijua toka zamani, rahisi ghali, sembuse cha bure. Kuna bure ya kuonjeshwa: siku thelathini unatumia, ya thelathini na moja wanakufungia na kazi yako mle ndani. Kuna bure ya mwanafunzi, nayo ni nzuri, ila ina mwisho wake. Ukimaliza masomo imekwisha, na wengi hawaruhusu kuitumia kwa kazi ya kulipwa. Kwa hivyo usome waliyoandika, usibonyeze "nakubali" kama mtu anayefukuza nzi. Kuna na punguzo, mwanafunzi analipa nusu au chini ya nusu, lakini mpaka uulize. Na kuna bure ya yule fundi, ambayo ni haramu iliyovaa kanzu.

"Na sasa," akasema Bi Rukia, "kuna bure nyingine kabisa."

Akafungua kompyuta yake akanionyesha programu ya kuchora. Haina ufunguo. Haiulizi wewe ni nani. Mwanafunzi, mwalimu, mvuvi, kizee, chukua. Akasema ziko za kila kazi: ya kuandika barua, ya kupanga hesabu kwenye majedwali, ya kusafisha picha, ya kuhariri sauti. Watu wengi wa nchi mbalimbali wamezitengeneza, huyu kaongeza hiki, yule karekebisha kile.

Sikuamini. Niliuliza kama mtu anayemhoji mposaji.

"Mwenyewe nani?"

"Haina mwenyewe mmoja."

"Watengenezaji wanapata nini?"

"Wengine wanaajiriwa na makampuni yanayozihitaji. Wengine huchangiwa. Wengine wanafanya tu."

"Na kesho mmoja wao akiamka na tamaa, akasema sasa ni yangu, nilipeni?"

"Hawezi. Waliiandikia sharti tangu mwanzo. Kila mtu aitumie, ainakili, ampe mwenziwe, airekebishe ikibidi. Aliyeirekebisha akaitoa kwa watu, na yeye lazima aiwache wazi vile vile. Si programu zote za bure zina sharti kali hivyo, lakini hii inalo."

Nikawa natazama ile skrini, na nikahisi kuna kitu nakijua, nakijua sana, ila sijakiona kimevaa nguo hizi.

"Rukia," nikasema. "Hiyo si bure. Hiyo ni wakfu."

Akanigeukia.

Nikamwambia, wee mwalimu mzima hujui? Misahafu ya msikitini imepigwa muhuri wa wakfu. Unaisoma, anasoma mwenzio, huichukui ukaiuza. Kisima kikiwekwa wakfu, aliyekiweka mwenyewe hawezi kurudi kesho akatia kufuli. Ameshakitoa, kimetoka mkononi mwake. Wala si kwamba hakina thamani! Neno bure ndilo linalotupoteza, maana bure ni kisicholipiwa na bure ni kisichofaa, "mtu bure", "amekwenda bure". Kijana akisikia programu ya bure anadhani ni makapi, anakimbilia ya wizi aone amepata ya thamani. Mngeiita wakfu, angeingia na viatu mkononi.

Akaniuliza kwa kunijaribu, "Na mbona wengine wanauza huduma juu yake? Wanakufundisha, wanakuwekea, wanakutoza."

"Kwani mwenye punda anayekuletea maji ya kisima cha wakfu humlipi? Unalipia mgongo wa punda. Maji hulipii."

Bi Rukia akakaa chini, hatimaye. Akasema ameifundisha hii miaka yake yote na wanafunzi husinzia, na kuanzia sasa atasema hivyo hivyo. Nikamwambia aseme, ila ataje kwamba ameambiwa na nani.

Nilirudi nyumbani mbio kwa miguu hii mibovu. Mwanahawa alikuwa bado darini. Nikampigia kelele toka ngazi ya kwanza, kwa Kiamu chetu ambacho ndoo ni njoo, "Ndoo! Ndoo hapa na hiyo kompyuta yako, kuna kisima!"

Akashuka, kwa hofu nadhani.

Leo asubuhi tumekwenda wote wawili kwa Bi Rukia. Akaifuta ile ya wizi, mimi nikisimamia. Akaweka ya wakfu. Kisha likaja swali lenyewe: je, michoro iliyotengenezwa kwenye ile nyingine itafunguka kwenye hii? Bi Rukia akasema programu hizi hazisomi faili za wenzao moja kwa moja, kuna kijiprogramu kingine cha kuzigeuza kwanza, na hicho nacho hakilipiwi. Akaanza kugeuza, faili kwa faili, kila chumba na faili lake. Nilishika mkono wa Mwanahawa. Alikuwa na jasho, hakuutoa.

Daka, ukumbi wa kuingilia, ikafunguka. Nimeiona daka ya nyumba yangu kwa mistari myeupe juu ya weusi, na mabaraza yake mawili, na mlango. Kiwanda cha kati, yaani ua wa ndani ya nyumba, kikafunguka. Msana wa kwanza, kile chumba kirefu cha kukaa. Msana wa pili. Maandishi mengine yalikuwa yamevurugika, namba zimegeuka visanduku, lakini Bi Rukia akasema hayo ni ya kuandika upya tu, ni kazi ya jioni moja. Choo. Ngazi. Dari. Mimi nimeishi ndani ya nyumba hiyo tangu kuolewa na sikuwahi kujua kwamba ukuta wa kaskazini si wa sawa na wa kusini. Umezidi. Nikauliza nani aliupinda. Mwanahawa akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumanne.

Likabaki faili moja. Ndani.

Kwa wasio wa Amu: ndani ni chumba cha mwisho, nyuma ya misana yote, chumba cha mwenye nyumba. Ni changu.

Faili la ndani ndilo lililokuwa wazi Jumapili, programu ilipojifunga. Bi Rukia akaligeuza, likatoka jeupe. Akaligeuza tena. Jeupe. Akasema limeharibika, haliponi, lakini ni chumba kimoja tu, si kitu. Vipimo si viko kwenye daftari? Mwanahawa achore upya leo na kesho, Jumapili kazi yote itumwe.

Mwanahawa akafungua daftari. Akapindua kurasa. Akarudi nyuma. Akapindua tena, na mimi nilikuwa namtazama, na nilijua anapindua ili mikono iwe na kazi.

"Vipimo vya ndani viko wapi?" nikauliza.

"Havimo, Bibi."

"Havimo vipi? Ulichora bila kupima?"

"Nilipima."

Hapo nikakumbuka jambo. Mimi sikumpa ruhusa ya kuingia ndani. Alipoanza kazi hii nilimwambia pima utakapo, ndani usiingie, nitakwambia mimi urefu wake kwa hatua. Hakuna mtu anayeingia ndani kwangu bila mimi. Wakwe zangu wenyewe hawajaingia.

"Ulipima lini?"

"Siku uliyokwenda arusini Shela." Akalifunga lile daftari. "Niliingia mbio. Daftari nilikuwa nimelisahau darini, nikaogopa utarudi. Nikaandika kiganjani. Nikatia kwenye kompyuta. Kisha ikaadhiniwa Magharibi, nikatawadha."

Bi Rukia akainuka akasema anakwenda kutazama kama geti limefungwa. Geti lilikuwa limefungwa, tuliliona wote.

Sasa mniambie mimi ningesema nini. Maneno nilikuwa nayo, tele, yamejipanga mlangoni. Umeingia kwa mtu bila idhini! Umegusa usichoambiwa uguse! Na kila neno nililotaka kumtolea lilikuwa na uso wangu mwenyewe, nimekaa mbele ya laptopu yake na juzuu mapajani.

Na nikajua pia ameona nini humo. Naandika hapa, basi, kila mtu ajue. Kile kitanda changu kikubwa cha samadari, ambacho nawasifia watu kwamba hakijatikisika tangu siku ya arusi yangu, kimevunjika mguu mmoja miaka mingapi sijui, nimekiegemeza kwa mawe ya matumbawe na kopo la maziwa ya unga. Na nguo za mume wangu bado ziko juu ya kamba. Ndiyo maana sitaki watu.

Mwezi mzima anajua, na hakusema. Hata siku ya hasira, alipokuwa na haki ya kunitoboa, hakusema.

Tulirudi nyumbani. Kwenye daka nikamwambia, "Nilikuharibia fomu yako." Nilidhani yatakuwa maneno marefu, yalikuwa matatu. Akasema, "Nami niliingia kwako, mke mwenza." Kisha tukaingia, kila mtu akashika njia yake, maana mimi si mtu wa kulia mchana na wageni huweza kupita.

Nimekaa sasa nikiandika, na najiuliza jambo moja ambalo sijalipatia jibu. Wale watu wa programu ya wakfu, walipokiwacha kisima chao wazi, kila mtu aone kilivyojengwa na palipopasuka, hawakuona haya? Au waliona haya, wakawacha wazi hivyo hivyo, na mpita njia ndiye aliyeziba ufa?

Nimeshaingia ndani. Nimezitoa nguo kwenye kamba, nimezikunja. Kitanda nimekisukuma mpaka katikati, peke yangu, na lile kopo limeanguka, liwache lilale hapo hapo. Kuta zote nne ziko wazi.

Mwanahawa, najua uko darini unaisoma hii kabla sijamaliza hata kuituma, kwa sababu wewe ndiye uliyeyaunganisha haya mambo yakawa yanaonekana kwenye kompyuta yako huku naandika. Basi inuka. Chukua futi, chukua daftari, shuka. Mlango wa ndani uko wazi na mimi niko humu, nitakushikia ncha ya pili. Tutaanza na ukuta wa zidaka, kimoja kimoja, vyote, jua halijatua. Na kila namba uiandike kwenye karatasi, kwa kalamu, kabla hujatawadha.